Maneno ya Mama Mdomoni mwa Ihsan

Wateja wakija kwetu kwa mara ya kwanza humwangalia Ihsan, halafu wanamwambia Mama, "Mashallah, Lalla Zhor, binti yako kafanana nawe." Mama hasahihishi. Anacheka tu, anaendelea kumimina chai. Na mimi aliyenizaa nimesimama mlangoni na sinia la biskuti za lozi, nasubiri aseme siyo huyo, binti yangu ni yule pale. Hajawahi kusema. Anaona ni kitu kidogo.

Mama ni mpambaji wa maharusi hapa Fez. Nguo zote ambazo bibi harusi anabadilisha mpaka kunakucha, mataji, shanga, machela ya kubebewa ukumbini, vyote vinatoka chumba chetu cha juu, na wanaume wa kuibeba anawatafuta yeye. Ihsan aliletwa kwetu mama yake alipofariki. Huyo mama yake ndiye aliyekuwa akitufulia nguo za harusi. Mama akamchukua, akamfundisha kazi yote: kurudishia lulu zilizodondoka, kumfunga mtu taji asiumwe kichwa, kumnyamazisha mama mkwe anayejifanya anajua. Mimi nikiomba kufundishwa naambiwa, "Ghizlan, nenda kasome. Mikono yako ni ya kalamu." Inasemwa kwa upole, lakini ninavyoisikia mimi ni mlango unafungwa. Funguo za chumba cha juu anazo Ihsan, zinalia kiunoni kwake akipanda ngazi.

Tena anaongea kama Mama. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko funguo. Bibi harusi akilia atamwambia, "Lia sasa, wanja bado," kama Mama. Mbebaji wa machela akiyumba atamwuliza kama amebeba mtu au magunia ya ngano, kama Mama. Hata kikohozi kile cha Mama cha kutaka watu wanyamaze anacho. Watu wanacheka, wanasema jamani huyu msichana ana mdomo. Mimi najua ule mdomo ameutoa wapi. Nikijaribu maneno hayohayo mimi, yanatoka chini chini, mtu ananiambia, "Unasemaje, mpenzi?" Basi nanyamaza.

Ndivyo tulivyokuwa tulipokwenda harusi ya Nisrin.

Baba yake ni Haji Taibi, mwuza marumaru. Jina la ukoo wake ni la hapa, lakini amekulia Kazablanka na amerudi uzeeni. Mkewe alishafariki, na Nisrin ni mtoto wake wa pekee. Nisrin alitaka kila kitu kifanywe kwa mila ya Fez kama alivyofanyiwa marehemu mama yake, mpaka lile vazi zito la zari na lulu ambalo ukivalishwa unakalishwa kwenye mto, hugeuki wala huinami, watu wanakuja kukutazama. Vazi hilo ndilo ghali kuliko yote. Tulilipiga pasi kutwa nzima. Saa yake ilipofika Nisrin alikuwa ametapika mara mbili kwa joto, akakataa. Akasema akiwekewa uzito ule atazimia mbele ya wakwe. Mama akamwambia afya kwanza, akamvalisha nguo nyeupe ya mwisho, mambo yakaisha.

Yaani kwa wanawake yaliisha. Kunapambazuka Haji Taibi akamwita Mama kwenye varanda ya ukumbi, akamwambia nusu iliyobaki halipi. Yeye hulipia alichokiona kwa macho yake, na hilo vazi zito hakuliona. Mama akamweleza kwamba vazi lilikuja, lilitandikwa, wanawake wawili walikaa nalo tayari. Mtu akikodi basi akalala nyumbani, dereva hana kosa. Haji akasema yeye hakukodi basi. Wakaendelea hivyohivyo, sauti zinapanda, wageni wa mwisho wanapita na visanduku vya keki wakijifanya hawasikii.

Mimi na Ihsan tulikuwa nje tunapakia masanduku kwenye gari. Ihsan alikuwa na mkanda wa dhahabu wa Nisrin, umefungwa kwenye kitambaa cheupe, ameupakata. Mkanda huo ulikuwa wa marehemu mama yake Nisrin. Kwetu bibi harusi akishavuliwa nguo ya mwisho anakaa bila mkanda kiunoni mpaka siku ya saba. Mkanda wake anaondoka nao mpambaji, anauweka na chumvi na majani ya kufukuza kijicho, siku ya saba anarudi mwenyewe kumfunga. Kila mwanamke hapa anajua. Wanaume wengi hawajui kwa sababu hakuna anayewaambia, mke ndiye anayejua kwa niaba yao. Haji Taibi mke hana. Nisrin alimkabidhi Ihsan mkanda mkononi, akambusu, akaenda zake kwa mumewe. Hakuna aliyekumbuka kumwambia baba mtu.

Dereva wa Haji, Bwana Bushaib, alikuwa anatusaidia kusukuma sanduku la mataji. Sauti ya Haji ikasikika mpaka pale: silipi hata ndotoni. Ihsan alikuwa amechoka, miguu imevimba, amevua viatu. Akaupigapiga ule mkanda kwenye paja, akasema:

"Asipotulipa, mkanda huu atavaa kondoo wetu wa Idi."

Mimi nilitabasamu kidogo. Bwana Bushaib hakutabasamu. Aliangalia kile kitambaa, akamwangalia Ihsan, akarudi ndani.

Siku ya tatu polisi wakaja kwetu na Haji Taibi nyuma yao. Mama alitoa mkanda kabatini mwenyewe, bila kificho, chumvi ikamwagika kwenye zulia. Akaanza kueleza habari ya siku ya saba. Polisi kijana aliandika kidogo, akauliza nani alitoka nao ukumbini. Mama ana presha, uso ulishaanza kubadilika rangi. Kabla hajafungua mdomo Ihsan akasema, "Mimi. Nilipewa mimi, nikauchukua mimi. Lalla Zhor alikuwa ndani, hana habari na chochote." Akaenda kuvaa viatu.

Mimi nilikuwa palepale, kwenye ngazi. Ningeweza kulisema hilo mimi, niokoe mama yangu mzazi. Halikunijia. Lilimjia yeye, haraka vile, na nilipomwona Mama anavyomtazama akiingizwa kwenye gari la polisi, nilijua sijawahi kutazamwa hivyo hata nilipoumwa tumbo nikafanyiwa upasuaji.

Shitaka likawa kuvunja amana. Wakili tuliyempata alitueleza taratibu. Nisrin mwenyewe, alipopigiwa simu kule alikokwenda na mumewe, alisema kweli kwamba mkanda aliutoa kwa mkono wake. Kwa hiyo wizi haupo. Lakini Haji anasema, sawa, mlipewa, ila mlikusudia kuushikilia ili nilazimike kulipa, na shahidi ninaye. Mtu akishikilia mali aliyopewa aitunze, akaitumia kumbana mwenye mali, hiyo ni jinai na kifungo kipo. Ihsan akapelekwa mahabusu kusubiri kesi.

Nyumba ikabadilika. Mama alikuwa akiamka na jina la Ihsan, analala na jina la Ihsan. Siku ya kumpelekea chakula alimpikia kuku wa uwatu, ambaye kwetu hupikwa mwanamke akijifungua au mimi nikifaulu mtihani. Jalabia yangu mpya ya bluu niliyonunuliwa kwa ajili ya shule akaikunja, akaitia kwenye kapu. "Kule baridi," akaniambia. "Wewe unayo ile ya zamani." Nikasema sawa.

Lakini, na hili sikumwambia mtu, nilipata nafasi. Kulikuwa na harusi mbili tumeshapokea malipo ya awali, na Mama hakuwa na mtu. Akanipa funguo. Zilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri, na nilipanda ngazi polepole makusudi ili zilie. Harusi ya kwanza nilisimama kulia kwa Mama, mahali pa Ihsan, nikishika pini. Mama aliniambia, "Inua bega lake. Hivyo. Vizuri." Nilikaa na ile "vizuri" siku nzima. Bibi harusi akalalamika nimemchoma. Mama akachukua pini mkononi mwangu, akasema peke yake, kama anayeongea na kioo, "Ihsan angeipitisha kwa chini." Basi hata alikokuwa amefungiwa alikuwa ananipita.

Wakili akaja tena. Safari hii aliniulizia mimi. Bwana Bushaib alikuwa amewaambia polisi kwamba pale kwenye gari alikuwepo na msichana mwingine, yule asiyeongea. Nitaitwa. Wakili akanikalisha sebuleni, Mama yupo jikoni, akaniambia kesi nzima imekaa kwenye sentensi moja. Je, Ihsan alisema kwamba wasipolipa mkanda hawataupata? Bushaib anasema alisema. Ihsan alipoulizwa alisema hakumbuki alichosema, alikuwa amechoka.

"Kama hukusikia," wakili akasema akifunga mkoba wake, "neno la Bushaib litabaki peke yake, na yeye ameajiriwa na mlalamikaji. Kama ulisikia, ni mbili."

Nikamwuliza ikiwa mbili itakuwaje. Akasema huenda akakaa ndani miezi mingi. Na akitoka, nani atamkabidhi dhahabu ya binti yake mtu aliyefungwa kwa kuvunja amana?

Nililifikiria hilo kuliko mengine yote. Kwamba asingeweza kufanya kazi hii tena. Nami sikuhitaji kusema uongo wowote. Ningesema kweli tupu, kama tunavyofundishwa, na kweli ingemwondoa. Mama asingeweza kunilaumu, kwa sababu mtoto aliulizwa neno, akajibu neno. Nilikuwa nikilala na funguo chini ya mto, najiambia sijui bado nitasema nini, na nilikuwa najua.

Siku ya kesi Ihsan aliletwa amevaa jalabia yangu ya bluu. Ilimkaa vizuri kuliko mimi. Alikuwa amekonda, kilemba kakifunga ovyo, akamtafuta Mama kwa macho kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Mama akainua mkono nusu, akaushusha. Upande wa pili alikaa Haji Taibi na dada yake, Bi Ratiba, mwanamke mnene mwenye kujipepea na bahasha. Nisrin hakuja.

Bwana Bushaib alieleza maneno aliyoyasikia, neno la kondoo wa Idi akalisema kwa heshima, kama anataja kifungu cha sheria. Watu wakacheka kidogo. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, hakucheka. Akaniita mimi. Hakuniapisha kwa sababu ya umri wangu, alisema tu niseme ninachokijua. Nikaanza, akaniambia niongeze sauti. Nikaongeza, akaniambia bado.

Akaniuliza kama nilikuwepo kwenye gari. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama mshtakiwa alisema maneno yale.

Sikumwangalia mtu. Nikasema, "Ndiyo. Alisema."

Karani akaandika. Nyuma yangu nilisikia Mama akivuta pumzi. Wakili wetu akainamia karatasi zake.

Wakili wa Haji akasimama. Hakuwa na haraka. Alisema basi mahakama imesikia kutoka nyumba ya mshtakiwa yenyewe. Alisema huyu si mtu aliyepitiwa. Huyu ni msichana mwenye akili nyingi, aliyekaa na mkanda wa marehemu mapajani mwake, akapanga, na maneno yale yalitoka kichwani mwake yeye mwenyewe. Akalirudia hilo, kichwani mwake mwenyewe, akimnyooshea kidole kama anayemsifu.

Hapo nikashindwa. Kumsikia tena mtu anamsifu Ihsan kwa kitu cha Mama, hata mahakamani, hata kwa ubaya.

"Si yake," nikasema. Hakimu akageuka. Safari hii hakuniambia niongeze sauti. "Si ya kichwani mwake. Hana neno lake hata moja. Hayo ni ya mama yangu. Mama husema hivyo kila harusi. Watu wakichelewesha pesa anasema taji atavaa kondoo wetu wa Idi. Watu wakibishana anasema machela atapanda kondoo wetu wa Idi. Alishasema hata hina atapakwa kondoo. Ihsan ameiga tu. Anaiga kila kitu, hata kukohoa anaiga, na watu wanafikiri ni yeye."

Halafu nikasikia nilichosema. Ihsan alikuwa amejitia kwenye gari la polisi ili Mama asiguswe, na mimi nimemtaja Mama mbele ya hakimu. Ihsan sasa ndiye aliyekuwa ananiangalia, anatikisa kichwa taratibu, nyamaza, nyamaza.

Hakimu aliuliza kama mama huyo yupo. Mama akasimama. Alijikunjua jalabia, akakohoa kile kikohozi chake. Kuna mtu akacheka.

"Ni kweli asemavyo binti yangu," Mama akasema. "Maneno ni ya kwangu. Nimeyatoa kwa marehemu mama yangu, na huyu mtoto ameyatoa kwangu. Kama yana kesi, nishitakiwe mimi."

Hakimu akamwuliza kama ameshawahi kumvalisha kondoo dhahabu ya mtu. Mama akasema kondoo wao hawafiki Idi na kamba nzima, sembuse dhahabu. Hakimu akamwuliza wale wasiomlipa huwafanya nini.

"Siku ya saba nakwenda, Mheshimiwa. Namfunga binti yao mkanda, nakunywa chai yao, narudi nyumbani. Kuna mmoja hajanilipa mpaka ana wajukuu. Nikikutana naye sokoni namwamkia, na moyoni namtukana."

Hakimu akageukia upande wa Haji, akauliza kama kuna mwanamke wa familia yao anayeijua habari hiyo ya siku ya saba. Haji akasema hana mke. Bi Ratiba alikuwa amejificha nyuma ya bahasha yake. Kaka yake akamtazama, akamwuliza kwa sauti ya chini iliyosikika na wote, "Wewe ulikuwa unajua?"

"Hukuniuliza," Bi Ratiba akasema. "Ulikuja kwangu umeshatoka polisi. Na mimi niliolewa hapahapa Fez, wewe uko Kazablanka, nikafungwa mkanda na huyuhuyu Lalla Zhor." Akaendelea kujipepea. "Alimtaja kondoo hata kwangu. Baba alichelewa kuleta kuku wa karamu."

Tukatolewa nje, tukarudishwa ndani mchana. Hakimu akasoma kwamba mkanda ulitolewa kwa ridhaa, ukatunzwa kwa mila inayojulikana, ukachukuliwa na polisi kabla siku yake haijafika, na mzaha wa mtu aliyechoka hauonyeshi nia ya jinai. Ihsan hana hatia. Ugomvi wa malipo ya vazi una mlango wake mwingine, si huu. Haji Taibi akasema basi atakwenda huko kwenye mlango mwingine, kwa kuwa vazi kweli hakuliona. Mama akamjibu watakutana hukohuko.

Kwenye korido Ihsan alifunguliwa. Nilikuwa karibu na Mama, nimebeba kapu lake na mkoba wake. Mama alinipita. Akamkumbatia Ihsan mpaka kilemba kikamvuka, akamshika uso, akamkagua meno, masikio, kama wanavyokaguliwa watoto waliotoka kucheza. "Binti yangu," alikuwa anasema. "Binti yangu, umekonda." Mimi nilisimama pale na vitu viwili mkononi. Kule ndani aliposema binti yangu alikuwa anamaanisha mimi, nilisikia kwa masikio yangu, na lilikuwa limeshatumika tena kwa mwingine. Nikawaza, nimemtoa mwenyewe. Nimemrudishia kila kitu.

Nikatia mkono mfukoni, nikatoa funguo za chumba cha juu, nikamnyooshea Ihsan kabla Mama hajaniomba. Sikutaka kuombwa.

Ihsan hakuzipokea mara moja. Alisema, kwa sauti yake yenye ukwaruzo wa baridi ya kule, "Kwa hiyo kukohoa pia nimeiga."

"Pia," nikasema.

"Sikujua." Akafikiri. "Wewe umekaa unanisikiliza muda wote huo?"

Mama alikuwa amemgeukia wakili, wanaongea habari ya lile vazi. Ihsan akachukua funguo, akazifunga kiunoni juu ya jalabia yangu ya bluu. Halafu akaona kola yangu imejikunja upande mmoja, kwa sababu ya kapu. Akainyoosha kwa vidole viwili, akaishusha begani kwa kiganja, akapigapiga mara moja kuonyesha kwamba imekaa. Mama hufanya hivyohivyo kwa maharusi kabla hawajatoka kwenye chumba cha kuvalia. Mimi hajawahi kunifanyia, sijawahi kutoka kwenda popote.

Nilitaka kusogea, nikashindwa. Nilisimama mpaka amalize na upande wa pili.